Maswali ya Wasomaji: Fleti ya zamani Upanga, Dar es Salaam, bei nzuri, ila hati haionekani

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni muuguzi, nina miaka 38 na watoto wawili, baba yao yupo ila kazi yake ni ya kusafiri. Tunaishi Chamazi, nyumba ya kupanga, na kazini kwangu ni Upanga. Nikiwa na zamu ya asubuhi naamka saa tisa na nusu usiku, watoto nawaacha wamelala, narudi wameshalala tena, yaani wananiona jumapili. Nikitoka zamu ya usiku huwa napita kwa miguu mitaa ya nyuma kule Mindu na Magore, kuna miti mikubwa, kimya, unasikia ndege, nikasema hapa ndo pa kulelea watoto, hata iwe vyumba viwili tu. Tumejibana miaka tisa na mume wangu, tumeuza na kiwanja chetu cha Mkuranga, tuna milioni 115.

Dalali amenionyesha mbili. Ya kwanza iko ghorofa ya kwanza, vyumba viwili, safi, imepigwa rangi, milioni 65 tu. Mwenyewe anasema hati haipo kwake iko shirika la nyumba, ila ana mkataba na risiti zote za kodi, na nikilipa ataniandikishia jina langu kule maana ana mtu wake. Ya pili iko juu kabisa, ghorofa ya tatu, haina lifti, dari la jikoni lina madoa ya maji, mabomba ya zamani, wanataka milioni 170. Hii ina hati ila iko kwa jina la marehemu baba yao, watoto wako watano na wanne wamekubali. Jirani na dirisha la sebuleni kuna mwembe, mama, mkubwa, tawi linakaribia kugusa kibaraza. Mume wangu anasema tuchukue ya kwanza tubaki na chenji. Benki wameniambia naweza kukopa kama 60. Nifanyeje?
Muuguzi, Chamazi

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole na zamu. Barua yako nimeisoma mara tatu, mimi nimekaa Upanga miaka mingi na huo mwembe unaousema najua unachokisema, sio huo huo ila najua kivuli chake saa nane mchana kinavyofanya nyumba.

Nianze na ile ya milioni 65 maana ndo inayonitia hofu. Pale huuziwi fleti. Unauziwa kilemba. Wenyeji wa mjini neno hili wanalijua, ila wewe na mume wako nawaeleza toka mwanzo ili mkikaa kuongea na huyo bwana muwe mnajua mmekaa mbele ya nini.

Upanga ilijengwa sana miaka ya 50 na 60, nyingi ni fleti na nyumba za Wahindi, nyingine walikaa wenyewe nyingine wakapangisha. Mwaka 1971 ikaja sheria ya serikali kutwaa majumba yaliyokuwa yamepangishwa ambayo thamani yake ilizidi shilingi 100,000, na hela hiyo enzi zile ilikuwa nyingi. Majumba yakawa chini ya Msajili wa Majumba, alafu 1990 yakahamishiwa Shirika la Nyumba la Taifa, NHC. Ndo maana mpaka leo katikati ya mji na Upanga unakuta magorofa ya zamani ambayo wakazi wake wamekaa miaka thelathini, arobaini, wamezaa, wameozesha, wamezika, na bado ni wapangaji. Mtu akikaa hivyo anaanza kujiona ile nyumba ni yake, na kibinadamu namuelewa kabisa. Akitaka kuhama anatafuta mtu wa kumpa hela ili ampishe, hiyo hela ndo kilemba, na bei yake inakuwa nusu au chini ya nusu ya fleti yenye hati, mtu anaona kaokota dodo.

Sasa jiulize hivi, ukishalipa hiyo 65 unakuwa na nini mkononi? Una ahadi ya mpangaji kwamba mwenye nyumba atakukubali. Mwenye nyumba mwenyewe hajakaa na wewe, hajasaini chochote. Siku wakipita kukagua nani anakaa wapi wakikuta jina sio lenyewe unatoka na magodoro yako na watoto wako, na hela huidai popote maana utasema ulinunua nini? Alafu yale maneno ya "nina mtu wangu kule" mwanangu, ukiyasikia kwenye mambo ya nyumba funga pochi uondoke. Kama kweli kuna fleti ya shirika ambayo mpangaji alishauziwa basi atakuwa na hati, aitoe. Risiti za kodi zinathibitisha kitu kimoja tu, kwamba yeye analipa kodi.

Mume wako mwambie hivi kwa upole, maana ameangalia chenji itakayobaki na sio kosa lake, wote tuna majukumu. Ila hiyo ya kwanza iacheni.

Twende kwenye ya pili, na hapa nitakuwa mrefu kidogo.

Umesema ina hati. Nataka ujue ni hati ya nini. Zamani gorofa zima lilikuwa na hati moja ya kiwanja, wenye fleti wakagawana kwa makaratasi yao wenyewe. Mwaka 2008 ikatungwa sheria inayoruhusu kila sehemu ya jengo kuwa na hati yake, wengi wanaiita hati pacha, fleti yako inakuwa na hati yako alafu ngazi, paa, uwanja, tenki, geti, huo mwembe, vinakuwa mali yenu wote wenye fleti kwa mafungu. Magorofa mengi ya zamani hayajawahi kufanya huo mgawanyo. Kwahiyo muulize huyo dalali hati aliyonayo ni ya fleti ile au ya gorofa zima, na usikubali picha ya kwenye simu, omba kopi, uende na wakili wako ofisi ya msajili wa hati mfanye upekuzi rasmi. Nimesema wakili WAKO, sio wa dalali, sio wa hao ndugu. Upekuzi utakuambia jina lililopo, kama kuna rehani ya benki, kama kuna mtu ameweka zuio, na muda uliobaki.

Huo muda watu hawauangalii kabisa. Ardhi yetu ni ya umma, Rais ndo mdhamini, sisi tunapewa haki ya kuitumia kwa miaka, 33 au 66 au 99. Viwanja vya mjini ambavyo mkoloni alivitoa viwe vya milele viligeuzwa mwaka 1963 vikawa vya miaka 99, kwahiyo kama gorofa lenu liko kwenye kundi hilo hesabu yake inaishia 2062. Wewe una 38, wanao watakuwa na umri wako wakati huo. Sio sababu ya kuacha, kuhuisha hati kupo, ila ni kitu cha kukijua kabla hujalipa na ni kitu cha kushusha bei. Na kama iko kwenye miaka 33 iliyobakiza sita, hapo rudi nyuma kabisa.

Sasa marehemu. Hati iko kwa jina la baba, na mtu aliyekufa hauzi. Lazima kuwe na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, uone barua yake na uende hukohuko mahakamani kuhakiki kama kweli wameitoa wao, alafu huyo msimamizi aandikishwe kwanza kwenye hati ndo awe na uwezo wa kukuuzia. Umeniandikia kwa haraka tu kwamba "wanne wamekubali", mimi moyo wangu umekaa kwa yule wa tano. Yuko wapi? Anasemaje? Nimeona kesi za mirathi zinakaa miaka kumi, mnunuzi ameshalipa, ameshatia vigae, siku moja anagongewa mlango na mtu mzima mwenye mabegi anasema mimi hii ni nyumba ya baba yangu. Msimamizi kisheria anaweza kuwa mmoja, ila wewe wapate wote watano wasaini kwamba wameridhia na kila mmoja anajua bei. Na mama yao kama yupo hai ndo wa kwanza kuulizwa, hasa kama anakaa humo. Hata ingekuwa baba yuko hai, Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mume au mke kuuza nyumba ya familia bila mwenzake kuridhia, nalisema hili kwa wasomaji wengine pia maana watu wengi wamepoteza hela hapo.

Hilo la mirathi likikwama, usilipe hata shilingi ya "kushikia". Mwambie dalali utasubiri.

Likinyooka, ndo tuje kwenye zege na mabomba.

Madoa ya maji ghorofa ya juu kabisa mara nyingi maana yake slabu ya paa inavuja. Doa lenyewe halinitishi, kinachonitisha ni nondo. Upanga iko karibu na bahari, ule upepo una chumvi, na zege la miaka sitini likishaingiwa na maji na chumvi nondo zinaota kutu, zinavimba, zinabandua zege kwa chini, unaona vipande vinadondoka na mistari ya rangi ya kahawia. Nenda na fundi mzoefu wa ujenzi, sio yule anayekuja na dalali, mlipe siku yake, apande juu ya paa aone maji yanatuama wapi na kama mifereji imeziba majani ya huo mwembe. Agonge dari na kuta kwa kinyundo kidogo, plasta iliyoachia inatoa sauti ya debe tupu. Aangalie chini ya kibaraza na chini ya ngazi, huko ndo wanasahau kupaka rangi kabla ya kuuza. Ikiwa ni kuziba paa na kurudishia plasta, hiyo ni kazi inayofanyika na gharama yake mnaijua. Ikiwa nondo za kibaraza zinaonekana kwa macho zimeliwa, hiyo sio kazi ya fleti moja tena, ni ya gorofa zima, na lazima ujue majirani zako wana msimamo gani.

Hapo kwa majirani niruhusu nikae kidogo.

Sisi tulinunua fleti yetu mwaka 2012, gorofa la fleti sita, tenki moja chini, pampu moja, masimtanki juu. Nilikagua kila kabati, sakafu ya terazo niliipenda sana, milango ya mninga ya zamani mizito, madirisha makubwa upepo unaingia huku unatokea kule, sikuhitaji ata feni asubuhi. Sikuuliza kitu kimoja, umeme wa pampu unalipwa na nani. Wiki ya pili pampu ikakata, kumbe ilikuwa inachukua umeme kwenye LUKU ya bibi mmoja wa chini, na bibi yule alikuwa amechoka, ameilipia miaka bila kurudishiwa, na haki ilikuwa yake. Tulibeba ndoo ghorofa ya pili siku kumi na moja na mtoto mgongoni. Mwisho tukakaa wote sita sebuleni kwa yule bibi, tukaweka mita ya pamoja na kila nyumba inatoa hela tarehe tano ya mwezi, na mpaka leo utaratibu huo upo na yule bibi ndo alikuwa mtunza hazina wetu mpaka Mungu alipomchukua. Nakuambia haya kwa sababu fleti ya zamani sio nyumba yako peke yako, ni watu. Sheria inataka wenye fleti wawe na chama chao, kwenye magorofa ya zamani mara nyingi hakuna au kipo kwenye karatasi.

Kwahiyo nenda bila dalali. Nenda jioni saa kumi na mbili watu wakiwa wametoka kazini, gonga, salimia, sema nataka kuwa jirani yenu. Utashangaa watu watakavyokuambia. Uliza maji ya DAWASA yanatoka siku ngapi kwa wiki, uliza chemba ya maji taka mara ya mwisho ilifurika lini na nani alilipa gari la kunyonya, au kama gorofa limeunganishwa kwenye bomba kuu la maji taka. Uliza nani hajawahi kuchangia. Uliza kama kuna mtu ameshakuja kutaka kununua gorofa zima abomoe ajenge mnara, maana Upanga nyumba za chini zinaondoka moja moja, na ule ukimya ulioupenda unaweza kugeuka kelele za zege miaka miwili kwenye kiwanja cha pili. Alafu nenda tena usiku, nenda na jumamosi, nenda siku ya mvua. Kama unaweza kungoja masika, mwezi wa nne, ndo mwalimu mzuri kuliko fundi yeyote, utaona doa la jikoni likifanya kazi mbele ya macho yako na utaona barabara ya kwenda Jangwani inavyokuwa.

Ndani ya fleti usisahau waya. Nyumba za umri ule nyingi waya zake ni za zamani, hazina ethi, yaani ule waya wa ardhi, soketi mbili chumba kizima, zilitengenezwa kwa ajili ya redio na pasi, sio kwa friji, oveni ya umeme na AC mbili. Mabomba ya chuma yakifungwa kutu ndani maji yanatoka kama uzi, fungua bomba zote kwa pamoja na choo kikiwa kinajaza uone. Hesabu ya kubadili waya na mabomba yote pamoja na paa fundi akupe kwa maandishi, hiyo ndo silaha yako ya bei. Milioni 170 kwa fleti ya juu isiyo na lifti na inayovuja mimi siioni kama bei ya mwisho, na ndugu watano wanaotaka kugawana hela huwa wanapenda mnunuzi mwenye fedha taslimu anayeeleweka.

Hela zenyewe sasa. Una 115, ukikopa 60 ni 175. Mkopo wa nyumba kwetu riba yake huwa inachezea asilimia 13 mpaka 19. Tuseme wamekupa 15, miaka 15, hiyo 60 utailipa karibu 840,000 kila mwezi, na mpaka mwisho utakuwa umerudisha kama milioni 151. Kaa na mume wako na payslipu zenu mezani muone kama inaingia bila kuwanyima watoto. Ukiipata kwa 150 unakopa kidogo na inabaki ya paa. Alafu kuna uhamisho, thamani inafanywa na mthamini, kuna ushuru wa stempu asilimia 1, kuna ada za ofisi ya ardhi na wakili. Kodi ya ongezeko la mtaji, ile asilimia 10 ya faida, ni ya muuzaji, na iandikwe kwenye mkataba hivyohivyo maana wengi wanakuja dakika ya mwisho kusema mnunuzi ndo alipe. Madeni ya pango la ardhi, maji, na kodi ya jengo ambayo toka 2021 inakatwa kwenye LUKU, yote yamalizwe kabla. Na dalali mkubaliane asilimia yake leo, kwa maandishi.

Jambo moja zuri la kukopa, benki haitakupa hela kwa hati mbovu. Wakili wao na mthamini wao watachunguza kwa ajili ya hela yao, wakiikataa hati hiyo na wewe usiende kuinunua kwa hela yako ya mkononi.

Malipo yapite benki kwa benki, kwenye akaunti ya mirathi, kwa awamu, na kiasi cha maana kibaki mpaka uhamisho uwe umekamilika na jina lako limeingia. Kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kumsalimia ni vizuri, anajua migogoro yote, ila muhuri wake hauhamishi hati.

Mimi mwanangu ningekuwa wewe ningeifukuzia hii ya pili kwa taratibu, miezi minne, sita, huku nikiwa nimejiandaa kuikosa. Na ngazi za ghorofa tatu ukiwa umetoka zamu ya usiku zipande kwanza, kweli, uende asubuhi moja ukiwa umechoka uzipande na mfuko wa sokoni. Niandikie yule mtoto wa tano amesemaje.

SWALI: Asalaam aleikum mama. Niko Muscat mwaka wa saba, dereva, pasipoti yangu bado ni ya Tanzania. Nataka kumnunulia mama yangu fleti ndogo mahali pametulia, Upanga au Oysterbay kule nyuma, atoke Buguruni, ana miaka 71 na magoti yanamsumbua. Kaka yangu anasema nimtumie hela atafute na aandike jina lake kwa sasa maana mimi sipo, nikirudi tutabadilisha. Naogopa kumkwaza maana ndo kanilea.
Kijana wa Buguruni

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu, Mungu akuzidishie kwa kumkumbuka mama. Huyo kaka inawezekana ana nia safi kabisa, na wewe sikuambii umshuku. Ila kubadilisha jina baadae ni uhamisho mwingine mzima, na stempu nyingine, thamani nyingine, miezi mingine, na katikati hapo kaka anaweza kuumwa, anaweza kukopa, anaweza kufariki na fleti ya mama ikaingia kwenye mirathi ya watoto wake. Mpe heshima yake kwa njia nyingine. Mwambie "kaka wewe ndo macho yangu", akague, aongee na majirani, asimamie fundi, ila mkataba uwe na jina lako au la mama. Kusaini ukiwa mbali kunawezekana, unamuandikia mtu idhini ya uwakili ya kukuwakilisha, unaisaini mbele ya ofisa anayetambulika, ubalozi wetu Muscat watakuelekeza, na inasajiliwa huku. Idhini hiyo iseme ni fleti gani na kazi gani, isiwe ya kufungulia kila mlango. Hela itume kwenye akaunti ya wakili au ya muuzaji moja kwa moja, kwa awamu. Na kama kuna siku unafikiria kuchukua uraia wa kule, muone wakili KABLA, maana asiye raia hamiliki ardhi huku kama raia.

Mama wa miaka 71 na magoti, fleti ya chini, usijadiliane na mtu. Najua ya chini ina mbu, ina vumbi la geti, na chemba ikifurika inaanzia kwake, kwahiyo hayo matatu ndo ya kukagua zaidi. Ila atatoka nje mwenyewe bila kushikwa mkono, ataweka kiti chini ya mti, atapanda mchicha na mlonge wake kwenye ndoo, jirani akipita atamsalimia. Nimeona wazee wawili waliopelekwa ghorofa ya tatu na watoto wao wenye mapenzi mengi, wakawa wanashuka siku ya kliniki tu. Na muulize yeye kwanza kama anataka kuhama. Buguruni ana watu wake, msikiti wake, mtu wa kumpikia uji akiumwa. Akisema anataka apelekwe akaone mara mbili tatu, akae hapo jioni nzima, alafu ndo utume hela.

SWALI: Mama habari, sisi tuna fleti yetu ya zamani tayari, gorofa la nyumba nane, uwani kuna mwarobaini na mkungu. Majirani watatu wanataka ikatwe yote miwili ipatikane paking ya magari manne, wanasema mizizi inapasua chemba na popo wanachafua magari. Mimi na mke wangu tulinunua hapa kwa sababu ya hiyo miti. Tuna haki gani?
Wa ghorofa ya pili

JIBU: Salama mwanangu. Uwani ni mali yenu nyote nane, watatu hawawezi kuamua, na wewe pia peke yako huwezi kuzuia milele, kwahiyo itisha kikao, muhutasari uandikwe na kila mtu asaini. Kabla ya kikao leta fundi bomba afungue chemba mbele ya watu aone ni mizizi kweli au ni bomba la zamani lililopasuka lenyewe, maana mizizi inafuata unyevu, bomba likiwa zima inapita zake. Mara nyingi ukibadilisha kile kipande cha bomba tatizo linaisha na mti unabaki. Popo wanafuata kungu zilizoiva, huo mkungu upunguzwe matawi ya upande wa magari kabla ya msimu na mjenge kibanda chepesi cha bati juu ya magari mawili yanayolala hapo. Kuhusu kukata, waambie hakuna kushika panga wala msumeno mpaka mmeuliza ofisi ya kata na ya halmashauri, na mti wenyewe ukiwa mgonjwa au umeinamia nyumba hapo utakubali na wewe.

Siku ya kikao fanya hivi, kiweke saa nane mchana, mwezi wa pili, viti vyote chini ya huo mwarobaini. Wakiuliza kwanini hamjakaa sebuleni kwa mtu, waambie waingie ndani wakae dakika kumi kwanza alafu warudi.